Mabati ya Kumwonyesha Mkwe

Kaisho, Jumatatu, 1 Machi 1954

Bati la mwisho limepigiliwa. Nyumba inang'aa hadi jirani yangu Projest anakunja uso akiwa kwenye nyumba yake ya nyasi. Akunje. Yeye alimnunua Bihogo, ng'ombe wetu wa pekee, nami nikanunua mabati. Kila mtu na akili yake. Mke wangu Kokubanza anasema ng'ombe aliyetolewa na baba yake hauzwi. Nimemkumbusha kwamba ni baba huyohuyo aliyelalamika kuwa binti yake ameolewa kwenye nyasi. Anakuja Alhamisi. Ataona.

Jumanne, 2 Machi

Joto! Nimejaribu kupumzika ndani kama tajiri, nikatoka nimelowa jasho. Kokubanza na watoto wamehamia jikoni, kwenye msonge wetu wa zamani wa nyasi. Nimekula peke yangu sebuleni, ndizi na maharage, bila maziwa. Bihogo analia kwa Projest. Ng'ombe yule hana adabu.

Jumatano, 3 Machi

Mvua. Nimemwita Kokubanza aniletee uji hadi sauti ikakauka. Chini ya bati mvua ikinyesha hakuna anayesikika. Nimeufuata mwenyewe jikoni. Walikuwa wanachoma viazi na kucheka. Nikakaa kidogo, kwa heshima tu.

Alhamisi, 4 Machi

Mkwe wangu, mzee Rugemalira, amefika. Nikampa shikamoo, nikasogea pembeni alione paa. Hakuinua hata macho. Akaenda zizini kumsalimu Bihogo, maana wafugaji husalimu ng'ombe kwanza, watu baadaye. Zizi tupu. Akauliza yuko wapi. Nikamwonyesha juu. Akalitazama bati kwa muda mrefu, kisha akauliza linakamuliwa saa ngapi.

Bihogo akalia ng'ambo ya migomba. Mzee akaifuata sauti hadi kwa Projest, akaketi chini ya paa la nyasi na kunywa maziwa ya kyanzi kizima, chombo cha mti cha maziwa. Kahawa yangu ya kutafuna, niliyomwandalia kama ilivyo desturi kwa mgeni, hakuigusa. Aliporudi akasema binti yake na wajukuu wataondoka naye kesho, na watarejea siku atakapokuta ng'ombe katika zizi langu. Kokubanza akaanza kukunja mkeka. Hilo limeniuma kuliko maneno ya mzee.

Ijumaa, 5 Machi

Wameondoka. Nimepika ndizi zikaungua. Nimelia, ingawa moshi nao ulichangia. Projest amekuja kusema, kwa upole wa kuudhi, kwamba yuko tayari kumrudisha Bihogo achukue mabati. Nimemfukuza. Ana wivu, mtu yeyote anaona.

Jumamosi, 6 Machi

Nimelala jikoni, nikaamka na jibu. Yamebaki mabati manne. Naezeka zizi! Kaisho nzima hakuna zizi la bati. Mkwe akiliona ataona aibu kuliacha tupu, atanipa ng'ombe mwingine yeye mwenyewe, na Kokubanza atarudi.

Nyundo nimeazima kwa Projest. Amenipa bila kuuliza kitu. Alikuwa anakamua.