Bundi Juu ya Stoo Yangu

Jumamosi, 2 Agosti

Bundi! Juu ya stoo yangu! Na leo, siku niliyotundika mahindi ya Jumapili ya Mavuno! Mahindi arobaini, meupe, yamejaa hadi ncha. Nimeyafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyaning'iniza darini yasubiri tarehe 17.

Mwaka huu sitaki mchezo. Mwaka jana, kwenye mnada baada ya ibada, kikapu changu kilikosa mtu mpaka mke wangu mwenyewe akainua mkono. Baba mkwe, Mzee Sifaeli, alikuwa benchi la mbele. Aliniuliza kama hayo ni mavuno au mabaki. Anakuja tena kutoka kijijini kwake mlimani. Aibu hiyo mara mbili siiwezi.

Penina, mke wangu, anafundisha sayansi shule ya msingi. Amesema bundi huyo yupo hapo tangu masika, anakula panya, nimwache. Wasomi! Kwetu bundi hakai juu ya nyumba bure. Nimepiga debe. Nimefukiza pilipili kavu. Nimekohoa hadi machozi, mtaa wetu mzima wa Sekei umenisikia. Mwishowe ameruka, akatua kwenye mparachichi wa jirani yangu Melkizedeki.

Mkosi umehamia kwa Melkizedeki! Mungu ni mwema.

Jumatano, 6 Agosti

Panya. Wametoka wapi hawa? Mahindi sita yamebaki magunzi matupu.

Penina ameniwekea mezani karatasi yake ya manila ya darasani. Mahindi, mshale, panya, mshale, bundi. Akafunika bundi kwa kidole, akaniuliza panya watakuwaje. Nimemwambia mimi si darasa la tano. Tena mchoro wenyewe una makosa: panya ndiye anayeyavamia mahindi, kwa nini mshale utoke kwenye mahindi uende kwa panya? Akasema mshale unafuata chakula kinakokwenda. Nikasema mishale yangu mimi inafuata adui. Akakunja manila yake akaenda kupika.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Nimeenda viwanja vya Themi kutafuta utaalamu. Jua, vumbi, watu kama siafu. Kijana wa banda moja alinieleza mambo ya panya nusu saa nzima, akanipa karatasi nene ya rangi. Nimeifungua nyumbani. Mchoro mkubwa katikati: bundi! Na chini yake maelezo ya kumtengenezea kisanduku akae! Kumbe mkosi umefika hadi kwenye maonyesho.

Karatasi ni nzuri lakini. Nimezibia tundu la panya.

Jumapili, 10 Agosti

Wameila karatasi.

Yamebaki mahindi ishirini na mawili. Baada ya ibada nimekwenda Kijenge kwa dada yangu Sabina, nimeazima paka wake. Anaitwa Kamanda. Sabina amesema Kamanda haogopi kitu. Sasa tutaona nani mwenye nyumba.

Jumatano, 13 Agosti

Kamanda haogopi panya, ni kweli. Anawatazama wakipita, anajilamba. Amelelewa kwa maziwa na dagaa, hajui panya ni nini.

Mijusi wa ukutani ndio anaowajua. Amewamaliza wote, na sasa nzi hawatupishi hata kwenye chai. Leo amevuka ua, amekula vifaranga wanne wa Melkizedeki. Melkizedeki alikuja na manyoya mkononi. Hakufoka, na hilo ndilo linaloudhi. Alisema kwa upole kwamba kwake panya wamekwisha kabisa tangu apate mgeni wa mparachichini, kwa hiyo paka hamhitaji, asante. Akasema niwasalimie watoto. Mnafiki!

Nimehesabu mahindi. Kumi na moja.

Ijumaa, 15 Agosti

Nyoka. Ndani ya stoo. Wa kahawia, amejikunja juu ya gunia, tumbo limevimba kwa panya. Nani alimwita? Kamanda amemwona, akaruka ukuta. Nasikia yupo Kijenge tayari.

Penina amechungulia, akasema ni nyoka wa nyumbani asiye na sumu, amefuata panya, na panya wamefuata mahindi. Mishale tena! Amesema niingie tu nichukue mahindi yangu. Nimemwambia aingie yeye. Akasema mahindi si yake.

Siku mbili zimebaki na mlango nimeufunga kwa kufuli.

Jumapili, 17 Agosti

Sitasahau siku hii.

Mzee Sifaeli amefika asubuhi. Nimempa shikamoo, akaitikia, akauliza mahindi yako wapi. Nikaanza kueleza kuhusu nyoka. Hakungoja nimalize. Miaka sabini na minane! Ameingia na ufagio na kiroba, akatoka na nyoka, akaenda kumwachia vichakani kando ya mfereji. Mimi nilikuwa juu ya kiti. Kwa ajili ya kuona vizuri.

Mahindi mazima: matatu. Moja lina alama za meno.

Kanisani Melkizedeki amepanga mahindi yake mbele ya madhabahu, hayahesabiki. Alipoitwa kushukuru, alimshukuru Mungu kwa mvua, kisha akamshukuru jirani yake aliyemletea bundi. Kanisa zima limecheka. Mchungaji amecheka. Baba mkwe alicheka mpaka akavua miwani.

Kikapu changu kilipopandishwa mnadani, hakuna aliyetaja bei. Nilimtazama Penina. Penina alitazama kitabu cha nyimbo. Mwishowe mtu akainua mkono. Melkizedeki! Akatangaza kwamba mahindi hayo ni ya kuku wake, wale waliobaki.

Nilitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka. Nikatembea nyumbani nyuma ya baba mkwe, ambaye hakuniuliza chochote. Afadhali angeuliza.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimekaa na Penina. Nimemwomba manila. Nimechora mwenyewe kila kitu, pamoja na mishale ikielekea anakotaka yeye: mahindi, panya, nyoka, mijusi, nzi, vifaranga, Kamanda. Sasa naelewa. Kila mmoja anamtegemea mwingine, ukimgusa mmoja wote wanatikisika. Penina amefurahi mpaka kanipikia loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando. Amesema hajawahi kuona mwanafunzi mzito aliyefika mbali hivi.

Saa kumi na mbili jioni, bundi karudi! Juu ya stoo, mahali pake palepale! Penina anasema kwa Melkizedeki panya wamekwisha, amefuata chakula.

Amefuata chakula! Baada ya majanga yote haya, mkosi wenyewe unanirudia mlangoni! Nimepiga debe mpaka limepasuka. Nimechoma pilipili yote ya nyumba. Ameondoka.

Penina amekunja manila, akaingia chumbani. Panya wanakimbizana darini wakati naandika, kwa furaha kabisa. Hata wao walikuwa wanamwogopa ndege yule.