Ombi la Kufupisha Kambi ya Wachezaji Kabla Baba Mkwe Hajaisha

Ndugu Kocha,

Kwa umri wewe ni mwanangu, ila kwa cheo ndiye bosi wa mkwe wangu, kwa hiyo nimekosa namna ya kukuamkia. Nakupa nusu shikamoo, nawe nirudishie nusu, tuwe sawa. Mimi ni baba mkwe wa beki wako wa kushoto, yule mwenye masikio. Kazi yangu ilikuwa ushonaji, na shule tuliachana mapema kwa makubaliano ya pande zote mbili, kwa hiyo nitakapokosea, rekebisha mwenyewe kimoyomoyo.

YAH: KAMBI YENU KUWA NDEFU KUPITA KIASI

Kocha, kila mwaka kabla ligi haijaanza unawachukua wanaume wazima, wenye wake na watoto, unawafungia kambini wiki sita ukiwafundisha kukimbia. Sikatai. Ila hujawahi kujiuliza wake zao wanakwenda wapi. Nitakwambia: wanakuja kwa baba zao. Wa kwangu amekuja na sanduku, na godoro dogo, na binti yake wa miaka sita tunayemwita Kipenga, kwa sababu baba yake alimpa kipenga cha refa na tangu siku hiyo hajakivua shingoni. Hata kuoga anaoga nacho. Leo tuko wiki ya tatu, na mimi siwezi kunyamaza tena.

1. Mimi si mchezaji wako. Naliandika hili wazi kwa sababu hapa nyumbani limesahaulika. Mwanangu ameishi na mtu wa mpira mpaka ratiba yako yote ameishika kichwani. Siku ya pili tu baada ya kufika alinitazama nikinyanyuka kitini, akasikia magoti yanavyolia, akasema, "Baba, na wewe unahitaji maandalizi." Nikacheka. Kesho yake alfajiri Kipenga alikuwa mlangoni kwangu anapuliza. Tangu hapo nazunguka tangi la maji uani kabla sijaonja chai, na nikikatiza chini ya kamba ya kuanikia nguo narudishwa mwanzo.

2. Chai yenyewe. Haina sukari. Nimeuliza, nikaambiwa, "Kocha amekataza." Sasa wewe kijana, mimi na wewe tumekutana wapi mpaka ukanikatazia sukari? Kopo limewekwa juu ya kabati la vyombo, na kigoda ambacho ningekipandia kimefanywa kifaa cha mazoezi. Napanda, nashuka, napanda, nashuka. Lakini mbali na kabati.

3. Nimepimwa kiuno kwa futi yangu mwenyewe. Futi ile imepima maharusi na mahakimu, na kila mteja mwenye kitambi nilimfariji kwamba, "Usijali mzee, futi imevutika kidogo." Basi mwanangu alipoisoma namba yangu kwa sauti, mlango ukiwa wazi, nami nikasema futi imevutika. Akanijibu, "Baba, futi ikivutika namba inapungua, haiongezeki." Miaka yote niliyokaa kwenye kile kibanda hakuna mteja hata mmoja aliyewaza hilo.

4. Mechi zenu za kirafiki. Jirani yangu ni kinyozi, kibanda chake kinatazama uani kwangu, na tulikuwa tunaelewana vizuri sana. Alianza na utani: "Mzee, pandisha magoti, timu ya taifa inakuangalia!" Wateja wake nao wakawa wanatoka nje na shuka shingoni kunishangilia, mmoja upande wa kichwa umenyolewa na upande bado. Kipenga akaona washabiki wameshapatikana, kilichobaki ni mchezo. Akanipangia mechi ya kirafiki na kinyozi, goli likiwa mlango wa choo. Kocha, nilimpiga chenga. Akanivuta shati. Nikafunga. Nilifunga kwa mkono, sikatai, lakini refa alikuwa mjukuu wangu na alilikubali bao. Kinyozi akapayuka, "Mzee hana aibu huyu!" Mpaka leo hanisalimii, na nywele zangu zimefika masikioni. Kama huo ndio urafiki, ligi yenyewe itakuwaje?

Sasa tuongee kama watu wazima. Nilipokuwa nafunga kibanda kwenda kuwaona ndugu zangu, niliporudi sikuizunguka cherehani mbio wiki sita ndipo nikashona suruali. Nilikaa, nikakanyaga, suruali ikatoka. Mkwe wangu anacheza mpira tangu hajaanza kuvaa hiyo suruali. Amesahau nini? Mpira umebadilika umbo?

Na yuko fiti, ushahidi ninao. Siku nilipohamia chumba cha nyuma alinibebea kabati la nguo peke yake, kutoka mlango wa mbele mpaka chumbani, huku anapiga mluzi. Mtu wa hivyo unamfundisha kukimbia ili iweje?

5. Halafu, samahani, matokeo. Msimu uliopita mlikaa kambini mpaka watoto wakaanza kuwasahau baba zao, na mechi ya kwanza mkala nne. Kufungwa nne, Kocha, hata mimi na kinyozi tunaweza, tena kwa kujiandaa njiani tukienda uwanjani.

Kwa hiyo naomba kambi iwe ya siku tatu. Ya kwanza wahesabiwe, ya pili watazamwe nani amenenepa, ya tatu wakacheze. Hilo likishindikana, wake na watoto waende kambini pamoja nao, sukari ibaki. Na hilo nalo likishindikana, basi usajili ujao chukueni makapera watupu, na kila mchezaji kabla ya kusaini apimwe moyo, magoti na baba mkwe.

Nisalimie wasaidizi wako wote, na daktari wa timu, na dereva wa basi anayewasubiri kila wanapofungwa. Golikipa msalimie kipekee, mwambie mpira huwa unatokea mbele. Mkwe wangu naye msalimie, ila akiuliza barua hii imetoka kwa nani, mwambie ni baba mkwe wa mtu mwingine.

Wako katika jasho ambalo sikuliomba,

Baba Mkwe wa Beki wa Kushoto
(fundi cherehani mstaafu)

Nyongeza: Kocha, sijalamba hata bahasha, simu imelia. Mkwe wangu anasema umevunja kambi mapema, eti vijana wako tayari, na jioni hii anakuja kuchukua watu wake. Umenikubalia ombi ambalo sijalituma! Huo si uungwana.

Nakuomba uyafute yote ya hapo juu. Asubuhi ya leo nimelizunguka tangi bila kusimama, mpaka kinyozi akajisahau akapiga makofi. Kipenga alikuwa ananihesabia mizunguko kwa sauti, kama marehemu bibi yake alivyokuwa akinihesabia vifungo kule kibandani. Tangu bibi yake aondoke hakuna aliyehesabu kitu chochote katika nyumba hii. Na chai bila sukari, ukiizoea, inanyweka.

Wiki sita hazitoshi. Wape kumi. Kuhusu lile kabati, ukweli ni kwamba tulilibeba watu wanne, na mkwe wangu alishika mlango lisijigonge. Hata hivyo alihema kuliko sisi sote. Hayuko tayari, Kocha, nakwambia kama baba. Kitambi kinakuja, futi ninayo, nitakupimia bure. Mrudishe kambini.

Naandika haya nimelikalia sanduku lao. Mwanangu amesimama hapa anasema, "Baba, jamani, inuka." Kipenga ameshanipa kadi ya njano, na ya pili ameishika mkononi. Fanya haraka.