Kiti Chekundu cha Mama Cherehani

Jumatatu, tarehe 2 Machi
Nimenunua kiti! Chekundu, cha sponji, mikono mipana. Kiti cha waziri!

Haya, sijakinunua. Kilikuwa nyuma ya jengo letu, kando ya mapipa ya taka. Jiji hili ghali lina vituko: wa ghorofa za juu hutupa kiti kwa sababu rangi imewachosha, wa chini hufunga mguu wa kiti kwa waya na kumkaribisha mgeni. Mimi naokota.

Nimempelekea Mama Cherehani, mshonaji mjane wa chumba cha chini. Chai yake naipenda kuliko dawa zangu. Nikamwambia nimekitoa dukani, kwa pensheni. Akanitazama kidogo. Akasema ahsante mzee wangu, ila usitangaze.

Nikatangaza.

Jumatano, tarehe 4 Machi
Amekishonea kiti nguo ya maua! Nimekunywa chai nimekikalia, miguu mbele, kama mwenye nyumba. Fundi bomba, jirani yangu, kauliza duka gani. Wivu mtupu! Nikamwambia wenye mikono michafu hawaruhusiwi kuingia.

Binti yangu naye kauliza, pensheni ipi hiyo Baba, ile inayoishia kwenye dawa? Nimejifanya kiziwi.

Ijumaa, tarehe 6 Machi
Balaa! Mke wa daktari wa meno, wa ghorofa ya juu kabisa, kaja kupimwa gauni. Ndiye mteja mkubwa wa Mama Cherehani. Wa juu hawasalimii, hupandisha kidevu tu. Akakiangalia kiti, akasema mbona kinafanana na kile alichotupa.

Mama Cherehani, bila kupepesa macho, akasema hapana mama, mzee kakitoa dukani.

Kumbe alijua! Amenieleza baadaye: alikiona kwenye mapipa kabla yangu, akaona haya kukibeba. Alikuwa ananisitiri tu. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Kunyamaza! Mimi nikasema risiti ninayo, na kwamba kiti kama hiki hata yeye hakimudu.

Mke wa daktari akafunua nguo ya maua. Alama za kucha za paka wake, hizo hapo. Akasema hashonewi na waongo. Akabeba kitambaa chake, huyoo.

Mama Cherehani hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliosha vikombe, akasema mzee, nenda kapumzike. Nimepanda ngazi uso unawaka. Mwongo nilikuwa mimi, aliyepoteza mteja ni yeye. Chakula cha binti yangu kimenishinda.

Jumapili, tarehe 8 Machi
Nimejikaza, nimepanda lifti mpaka juu. Mke wa daktari kafungua mlango kiasi cha pua. Nimekiri kila kitu: kiti kiliokotwa, risiti hakuna, mshonaji alikuwa ananifichia aibu. Machozi yalinilenga, ya kweli kabisa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema basi, kesho atarudisha kitambaa, ila nikishuka nimtupie kioo chake cha kabatini, kimemchosha.

Nimeapa kwenye lifti: uongo, basi tena!

Lakini kioo chenyewe! Kirefu, fremu ya dhahabu. Wateja wa Mama Cherehani wanajitazamia kwenye dirisha, maskini. Nitamwambia kimetoka ng'ambo, kwa meli, kwa rafiki yangu nahodha.

Kizito, lakini. Nitamwita fundi bomba: ndugu yangu, mimi ndiye niliyemwambia mkeo kwamba siku ile ya mpira ulikuwa kazini. Njoo unishikie upande mmoja. Na unawe mikono kwanza.