Marufuku ya Jumamosi

Arua, Jumatatu, 4 Machi 1974

Medina, dada yangu wa Koboko, kurasa hizi utaletewa na lori la mihogo. Nimeapa kukueleza yote, hata yatakayoniaibisha.

Chemchemi yetu inakauka. Mzee Dramadri, mwenye shamba la juu, anakata miti iliyo karibu nayo apate kuni za kukaushia tumbaku. Mwalimu alitufundisha kuwa miti hiyo ndiyo inayoshika maji. Bibi amesema maji yakiisha nitateka mtoni, na anayeteka mtoni hawahi shule. Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililonitisha.

Emilia, anayekaa mbele yangu darasani, anataka tuiandikie ofisi ya misitu barua. Barua! Mimi nimetafakari zaidi. Dramadri hasikilizi ofisi. Humsikiliza mkewe, Paska. Paska akileta mihogo mjini hunywa chai kwa bibi. Na bibi namshika mimi. Njia ni hiyo, fupi na safi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza. Nilimwambia bibi, akisuka ungo wake, kwamba kuanzia Jumamosi ofisi itapiga marufuku kukata miti ya chemchemi. Si uongo kamili. Ni jambo jema ambalo ofisi haijalifikiria bado. Nikamsihi asimwambie mtu, maana siri ndiyo hutembea upesi.

Bibi aliapa. Sijamaliza kufagia uwanja, jirani yetu Santina akauliza kutoka upande wa pili wa ua kama ni kweli hiyo maneno ya miti. Paska alipofika, bibi alifunga mlango. Paska aliondoka chai yake ikiwa nusu. Nimefurahi sana.

Jumatano, 6 Machi

Habari imenirudia. Emilia alinivuta pembeni, akaninong'oneza kuwa kuna marufuku, na kwamba bila shaka ofisi imesoma barua yake. Nilimuuliza ameituma lini. Akasema bado anainakili kwa mwandiko mzuri. Nikamsifu mwandiko.

Alhamisi, 7 Machi

Shoka toka alfajiri.

Medina, kila mtu anakata kabla ya Jumamosi. Dramadri ameleta ndugu zake. Watu wa mtaa wetu wa Wanubi, ambao hawakuwahi kugusa miti ile, wamekwea huko na mapanga wapate fungu lao. Nilimzuia Santina njiani. Akaniambia, "Mtoto, toka. Wewe iko na kuni? Mimi hapana."

Niliporudi nyumbani nilimkuta bibi anatua mzigo wa kuni kichwani. Akauliza kwa nini nalia. Akasema nimshukuru kwa kumwambia mapema.

Ijumaa, 8 Machi

Maji ya leo yalijaza ndoo polepole kama machozi ya mtu mkaidi. Wanawake walipanga foleni, wa mtaa wetu na wa Ayivu, upande wa kina Dramadri, pamoja, wakaanza kutupiana maneno. Paska alisema mume wake alitaka kuni kidogo tu, lakini aliposikia Wanubi wa mjini wanakuja kumaliza, angekaa aangalie? Santina akasema sisi tulisikia nyinyi ndio mnamaliza.

Kisha wakatafuta aliyeanza. Santina alisikia kwa bibi. Paska, kwa bibi. Wote wakamgeukia. Bibi alinitazama, akasema alisikia sokoni, kwa mtu asiyemjua, mwenye meno mabaya.

Waliketi hapohapo kwenye ndoo zao. Miti iliyobaki ni mikuyu miwili. Wamekubaliana kuwa atakayeigusa hatateka maji hapo, na hakuna kati yao atakayemuuzia mke wake kitu wala kununua kwake. Paska alisema atamwambia mume wake yeye mwenyewe, leo, kabla hajala. Hakuna aliyetaja ofisi.

Njiani bibi aliniambia nitaendelea na shule maadamu mikuyu imesimama. Akaongeza kuwa nikiwa na siri nyingine nikamwambie mbuzi.

Jumapili, 10 Machi

Miwili haitoshi. Lazima ipandwe mingine kabla ya mvua, la sivyo mwakani niko mtoni na ndoo. Nimeona kosa langu lilikuwa wapi: nilieneza habari ya kukataza. Watu wanataka habari ya kupewa.

Kwa hiyo asubuhi, bibi akigeuza chapati, nimemwambia kwa siri kwamba ofisi italeta miche ya bure wiki ijayo, kwa kila aliye na mashimo tayari kando ya chemchemi. Alinitazama sana. Akauliza, ya bure kabisa? Kisha akajifunga leso akatoka.

Sasa ni mchana. Dramadri anachimba na ndugu zake. Santina anachimba karibu mno na mizizi ya mkuyu, ili Dramadri asimzidi mashimo. Kinachokosekana ni miche tu.

Medina, huko Koboko ni nani anayefahamiana na mtu mwenye miche? Nijibu kwa lori hilihili, dereva atasubiri.