Mimi Ndiye Mwenye Koti

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Nimekwisha. Nilikuwa kwa kinyozi, taulo shingoni, redio ikatangaza kwamba kesho Jolynn Sizemore anatoa kaseti ya nyimbo zake bora kumi na sita. Watu wakapiga makofi, maana Jolynn ni wa hapa hapa Laurel Fork. Nami nikapiga. Kisha mtangazaji akaongeza kwamba ndani mna kijitabu, na Jolynn mwenyewe ameeleza kila wimbo alimtungia nani. Jasho likanitoka chini ya taulo.

Kwa miaka ishirini na mbili nimewaambia watu kwamba yule mhuni wa wimbo wake "Koti Lako Msumarini", aliyemtoroka binti wa watu akaacha koti lake ukutani, ni mimi. Delmer Crisp. Wanaume hunipisha kiti kwa sababu hiyo. Ukweli ni kwamba mwaka 1971 nilimpa Jolynn lifti ya maili kumi na mbili. Alilala njia nzima.

Mke wangu Oleta hajui. Anaamini alimshinda Jolynn kwa kunipata mimi, maskini.

Jumanne, 4 Oktoba

Mpango! Hapa kaseti huuzwa dukani kwa Hobart tu, kati ya risasi na dawa za ng'ombe. Nimewahi kabla hajafungua, nikazinunua zote. Akaniuliza za nini. Nikasema zawadi za Krismasi. Akasema huu ni Oktoba. Nikasema napenda kujiandaa mapema.

Nimezificha kwenye boti yangu ya uvuvi nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Hakuna kaseti, hakuna kijitabu. Nani kama mimi!

Alhamisi, 6 Oktoba

Hobart mpumbavu! Alipoona zimekwisha kwa dakika kumi, akaagiza mara mbili ya zile. Zimefika leo. Ikabidi niuze injini ya boti kwa Virgil, kaka yake Oleta, ambaye hajaniamini tangu siku ya harusi. Akaichunguza injini, halafu akanichunguza mimi.

"Shemeji, unakimbia nini safari hii?"

Nikamwambia nimeacha kuvua kwa sababu za kiafya. Akacheka mpaka akakaa chini. Nimerudi dukani, nimenunua zote tena. Boti sasa imejaa hadi ukingoni, na haiwezi kwenda popote.

Jumamosi, 8 Oktoba

Aibu, aibu, aibu. Asubuhi redio imesema kaseti ya Jolynn inaongoza kwa mauzo nchi nzima, na hapa Tennessee hakuna duka dogo lililouza kama la Hobart. Wakampigia simu, watu wote wanasikiliza. Naye bila hata kufikiri akasema mnunuzi ni mmoja tu, Delmer Crisp, mwenye koti mwenyewe, na kwamba maskini bado anampenda Jolynn.

Kufika adhuhuri wanawake wa kanisa wakaanza kumiminika na vyakula. Kwetu chakula hupelekwa nyumba iliyofiwa. Imogene Pruitt kaleta kuku wa kuoka na wali. Wengine makaroni na jibini, maharagwe, pai ya viazi vitamu. Mabakuli saba, kila moja limebandikwa jina la mwenyewe chini. Kila mmoja alimkumbatia Oleta mlangoni kwa muda mrefu, akanipita mimi kama kiti.

Oleta akashukuru, akayapanga kwenye friji. Ningeweza kumwokoa kwa kumwonyesha kijitabu tu. Badala yake nilikula pai. Ilikuwa tamu, na hilo nalo linanitia aibu.

Jumapili, 9 Oktoba

Oleta hakwenda kanisani. Alikwenda kwenye boti. Nimemkuta amekaa juu ya kaseti, miwani puani, anasoma. Akanisomea kwa sauti. Wimbo wa tisa Jolynn aliutunga Knoxville, kwenye duka la mashine za kufulia, akingoja nguo zake zikauke. Ukutani palikuwa na koti ambalo mtu alilisahau. Mwenye koti hakumjua. Basi.

Nikaanza kueleza. Akanyanyua mkono.

"Nilijua kitambo, Delmer. Nimesoma naye darasa moja. Nilipomuuliza, alicheka." Akavua miwani. "Nikanyamaza nisikuaibishe. Miaka yote hii wewe unapishwa kiti, mimi napewa pole kwa kuolewa na mhuni. Jana wameniletea chakula cha msiba. Na wewe ukakila."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nimemdhalilisha mwanamke huyu kwa miaka ishirini na mbili, huku nikidhani namtunzia heshima.

Hukumu yake: niyaoshe mabakuli, niyarudishe mwenyewe, na kila mlango niseme ukweli. Yeye atakuwa kwenye pikapu, dirisha wazi, anasikiliza. Nimelia. Nimeapa sitadanganya tena maishani.

Jumatatu, 10 Oktoba

Mlango wa kwanza, Imogene. Nikamkabidhi bakuli. Nikasema mimi ni mwongo, Jolynn hakuwahi hata kunishika mkono, na mke wangu hana msiba wowote isipokuwa mimi. Imogene akafuta machozi, akasema hajapata kumwona mwanamume akijishusha namna hiyo. Nikageuka. Oleta alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Kisha Imogene akauliza, kwa upole tu, sasa lile koti lilikuwa la nani.

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi.

Nikasema mwaka ule nilipita Knoxville. Nilikuwa na nguo chafu.

Oleta akashuka. Akayapanga mabakuli sita yaliyobaki kando ya barabara, polepole, bila kuvunja hata moja, akawasha pikapu akaenda kwa Virgil. Nimeyapeleka kwa miguu. Nilipofika mlango wa saba koti lilikuwa la kahawia, lenye jina langu kwenye kola.

Nyumba iko kimya na friji ni tupu. Alhamisi kanisani wanauza mitumba. Nitawahi, nitafute koti la kahawia la saizi yangu.