Trela Iliyomaliza Filamu

Jamani, leo nimepatikana. Mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, na aliyeniumbua ni mimi mwenyewe.

Wengi wenu mnajua nimekuwa natengeneza filamu. Miezi minane. Kwa wasiojua: ni kisa cha ng'ombe wa mahari anayeitwa Bihogo. Siku moja kabla ya harusi anatoweka. Kijiji kinatafuta, watu wanashutumiana, bwana harusi anakaribia kurukwa na akili. Mwishoni kabisa, dakika kumi za mwisho, ndiyo unagundua kwamba aliyemficha ni baba wa bibi harusi mwenyewe. Hataki binti yake aondoke nyumbani. Nililala na siri hiyo miezi minane. Hata mama yangu sikumwambia.

Baba yangu, Tata, hajawahi kuielewa hii kazi. Yeye ana migomba na kahawa hapa Nyakakika, na ana kijana wa miaka ishirini na saba anayezunguka na kamera kufuata ng'ombe wa watu. Juzi akaniita uani.

"Jumamosi nitakuja kuangalia hiyo kitu yako," akasema. "Nikiona ni kazi, sitakusema tena. Nikiona ni mchezo, kamera unaiweka chini, unarudi kwenye migomba."

"Sawa, Tata."

"Nimesema."

Tata akisema "nimesema," amesema. Kwa hiyo mjue leo nilikuwa napigania maisha yangu.

Sasa, tatizo lilianzia kwenye trela. Nilipanga trela ya dakika mbili: ng'ombe yupo, ng'ombe hayupo, watu wanakimbia, giza, maandishi "Bihogo yuko wapi?" Basi. Mtu abaki anajikuna kichwa.

Kosa langu nikawaonyesha waigizaji.

Wa kwanza kunijia ni Mzee Anatoli, aliyeigiza baba wa bibi harusi. "Mimi nimelia machozi ya kweli mle ndani," akaniambia, "halafu kwenye trela nimekaa kwenye kigoda tu kama mgonjwa?" Nikamwambia, "Mzee wangu, ukilia watu watajua ni wewe." Akasema, "Wajue! Mimi ndiye!" Ni mtu mzima, ana umri wa babu yangu. Ningefanyaje? Nikaweka kilio. (Na kilio hakieleweki bila kukiri kosa. Nikaweka na kukiri.)

Akaja Jeni, bibi harusi. Mashangazi zake wanatoka Ihembe kuja kumwona amevaa shela, na wao hawakawii kuondoka wasipomwona mapema. Nikaweka harusi.

Akaja mwenye ng'ombe. Huyu alikuja na hoja nzito kuliko wote. "Ng'ombe wangu akionekana amepotea tu, watu watasema nimemuuza kimyakimya. Nina ndugu, nina mke. Aonekane amepatikana." Kweli bwana. Nikaweka Bihogo akitolewa bondeni, mzima, anatafuna majani.

Dereva wa bodaboda aliyeanguka kwenye matope akadai aanguke na kwenye trela. Akaanguka.

Na kwetu huwezi kuwataja watu ukamruka mmoja. Kwenye sherehe ukisahau jina la mtu mmoja kwenye shukrani, utalisikia hilo mpaka uzeeni. Kwa hiyo mwisho wa trela nikaweka majina yote, na maneno makubwa: "Asanteni sana. Mungu awabariki." Nikapima urefu. Dakika kumi na moja.

Nikasema, potelea mbali, imependeza.

Leo saa nane mchana, ghala la zamani la kahawa limejaa. Madirisha tumeziba kwa maturubai, shuka jeupe ukutani, jenereta linanguruma nje. Mwenyekiti wa kijiji mbele. Mwinjilisti pembeni yake. Tata kakaa mstari wa tatu, kavaa koti lake la kanisani, anatafuna punje za kahawa taratibu. Nikawaamkia wazee wote, shikamooni, shikamooni.

Nikatangaza: "Tutaanza na trela, ndipo filamu."

Mtaniuliza kwa nini nionyeshe trela ya filamu kwa watu waliokwisha kuja kuiona filamu yenyewe. Swali zuri. Niliwahi kuingia ukumbi wa sinema Mwanza mara moja maishani, na kabla ya filamu zikaonyeshwa trela. Nikajua ndiyo utaratibu. (Kwamba zilikuwa trela za filamu nyingine, hilo limeniingia akilini leo saa kumi jioni.)

Nikabonyeza.

Mawe, mama yangu! Watu walifurahi! Bodaboda alipotumbukia matopeni ghala zima lilipiga kelele. Bihogo alipotoweka, kina mama wakashika vichwa. Mzee Anatoli alipolia na kukiri, nikasikia mtu nyuma anavuta kamasi. Bihogo akapatikana, makofi. Jeni akatokea na shela, vigelegele, mashangazi wa Ihembe wamesimama juu ya mabenchi. Nilimchungulia Tata. Ameacha kutafuna. Nikasema moyoni, Novati, leo umeshinda.

Majina yakapita. "Asanteni sana. Mungu awabariki." Shuka likawa jeupe.

Mwenyekiti akasimama.

Nilidhani anakwenda haja. Hapana. Akageukia watu, akakohoa. "Ndugu wananchi, kwa niaba ya serikali ya kijiji, natoa neno la shukrani. Kijana wetu ametuletea filamu nzuri, ina mafunzo, na nimpongeze kwa jambo moja: hakutuchosha." Makofi. "Sasa nimwombe Mwinjilisti atufungie kwa sala."

Nikanyoosha mkono. Nikafungua mdomo. Mwinjilisti akasema, "Tuombe."

Ningemkatiza? Nikafumba macho kama wengine. Na alivyoomba vizuri, akamshukuru Mungu kwa Bihogo kupatikana! Nikasema amina. (Ndiyo, nilisema amina. Mazoea.)

Nilipofumbua macho, nusu ya watu wako mlangoni.

"Jamani! Rudini! Filamu bado!"

Shangazi mmoja wa Jeni akageuka, pochi kwapani. "Bado nini tena, mwanangu? Ng'ombe si kapatikana?"

"Amepatikana, shangazi, lakini..."

"Na harusi si tumeiona? Kuna harusi nyingine?"

"Hapana, ni ile ile."

"Sasa?"

Nikamwonyesha shuka kwa kidole. Akanipiga bega kwa huruma, akatoka. Mwenyekiti akanishika mkono: "Mwaka kesho tuletee nyingine kama hii." Mwinjilisti akasema kikao kilichokwisha kufungwa kwa sala yeye hawezi kukifungua tena, labda tukutane siku nyingine. Jeni, nyota wangu, ameondoka na mashangazi. Hata mwenye ng'ombe kaondoka, na kifua mbele.

Wakabaki watu watatu. Mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa amelala na hakutaka kumwamsha. Mzee Anatoli, aliyetaka kujiona tena. Na Tata.

Tata hakuinuka. Akasema tu, "Washa."

Nikawasha. Saa moja na dakika arobaini. Mzee Anatoli akimweleza Tata kila kitu kabla hakijatokea: "Hapo wanadhani ni jirani. Siye. Ni mimi." "Hapa ninajifanya natafuta na mimi. Niangalie usoni." Nilijibanza karibu na mlango nikitamani jenereta lizimike. Halikuzimika. Tata hakucheka, hakuguna, hakusogea. Nilishikwa na majonzi ya kweli, nawaambia. Miezi minane nimeikata mwenyewe kwa mkasi, nikaigawa mlangoni bure.

Ikaisha. Tata akainuka, akakung'uta koti.

"Ile fupi," akasema, "ile ni kazi."

Moyo ukaruka.

"Hii ndefu ni mchezo. Watu wanatembea, wanatembea, na mimi najua ng'ombe yuko bondeni tangu saa nane."

"Tata, ungekuwa hujui..."

"Lakini najua. Wewe ndiye uliyeniambia."

Mzee Anatoli akatikisa kichwa kukubaliana naye. (Huyo huyo!)

Tukatembea kuelekea nyumbani. Mimi nimebeba projekta, yeye kabeba shuka langu, amelikunja vizuri kabisa. Tulipofika karibu na kwetu akasimama.

"Nilisema kazi, au mchezo. Umeniletea vyote viwili. Basi nimegawa. Jumatatu mpaka Ijumaa, migomba. Jumapili kanisani. Jumamosi ni yako na kamera yako, sitakuuliza." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Anatoli analia vizuri. Nilitaka kulia na mimi."

Nimekaa hapa na simu, sijui nifurahi au nilie.

Sasa naombeni kitu kimoja. Mkitaka kunicheka, chekeni Jumatatu mpaka Ijumaa, nitakuwa migombani, sitawasikia. Jumamosi niacheni. Nina kazi.