Mkubwa wa Kiti cha Nyuma

Askari wa lango la maegesho alipokipigia saluti kiti cha nyuma, Sukari alikuwa hajamaliza hata wiki na gari lake. Alilinunua mnadani, dogo, jeusi, lililochoka miguu, ila vioo vyake vilikuwa vimebandikwa tinti nyeusi tititi, huoni kama ndani kuna mtu au mzigo. Yeye alikuwa usukani, kiwiko nje. Askari hakumtazama kabisa. Alikaza mgongo, akalielekea dirisha la nyuma, akapiga mguu chini na kufungua lango bila kudai chochote. Sukari akageuka amwone huyo anayeheshimiwa. Palikuwa na gurudumu la akiba na mwavuli.

Ningependa kumcheka yule askari, lakini mimi ninayewasimulia nimeyapisha magari ya aina hiyo mpaka nikaingia mtaroni, tena nikaomba radhi nikiwa mtaroni. Kwa hiyo tuendelee.

Mwenye akili ya kawaida angeshukuru Mungu akaegesha. Sukari, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya ulimi wake, alijiuliza swali moja tu: kama gurudumu linapigiwa saluti, je, likianza kupokea watu?

Basi akanunua tai. Akawa anaegesha mbele ya ofisi kubwa kubwa, anafuta vumbi lisilokuwepo, anasubiri.

"Kijana, gari la nani hili?"

"La Mkubwa."

"Mkubwa gani?"

"Mzee, ukiwa unauliza hivyo, basi hamjafahamiana."

Mtu akisikia hivyo anaona aibu, anaanza kumfahamu Mkubwa papo hapo. Kesho yake anarudi na shida yake, na bahasha. Sukari anabonyeza kitufe kwa siri, kioo cha nyuma kinashuka upana wa kidole, bahasha inaingia gizani. Mkubwa hajibu, ana mafua. Sukari anageuka pembeni, anakohoa kwa niaba yake. Na hakuna aliyerudi kulalamika, maana utalalamika wapi kwamba hongo yako haikufanya kazi?

Hata hivyo, mjanja huyu wa kula vya watu alikuwa analala kwa mama mkwe. Chumba chao yeye na mkewe kilitenganishwa na cha mama mkwe kwa pazia. Akijigeuza kitandani, upande wa pili mtu anakohoa. Akinong'ona, upande wa pili mtu anauliza, "Mnasema?" Bahasha zenyewe ziliishia kwenye petroli na tai. Mkewe akafika mwisho wa subira.

"Nataka mlango," alimwambia. "Wenye kitasa na ufunguo, niufunge mimi. Ukishindwa sema, nijue nimeolewa na nani."

Ndipo akatokea Tajiri wa Saruji, ambaye ukuta wa saruji yake unaweza kuuchimba kwa kijiko. Alitaka soko jipya lijengwe kwa mali yake. Hakuleta bahasha. Alikuwa na nyumba yenye vyumba vitatu na baraza, imekaa tu.

"Funguo hizi namkabidhi Mkubwa mwenyewe, mkono kwa mkono," alisema. "Sitaki mambo ya dereva."

Wakakubaliana wakutane stendi, jioni ya Jumamosi. Sukari alipanga vizuri: kioo kidole kimoja, mkono wa binamu yake mwenye pete kubwa utokeze kupokea, basi. Tatizo lilikuwa tinti. Ilikuwa imezeeka. Iligeuka zambarau, ikaota malengelenge, ikaanza kupasuka. Muuza machungwa mmoja alitia jicho kwenye tundu akauliza mbele ya watu, "Huyu Mkubwa wenu mbona wa mpira?"

Fundi hakufaa, kwa sababu fundi wa tinti hukaa na gari siku nzima na umbea mwaka mzima. Sukari akaamua kuibandua mwenyewe, kisha abandike mpya. Aliwahi kusikia siri yake: maji ya sabuni, mifuko myeusi ya plastiki, na jua. Unalowesha kioo nje, unakibandikia plastiki, unalowesha tinti kwa ndani, joto linalegeza gundi, unavuta. Kwa maneno ni kazi ya kunywea chai. Jumamosi asubuhi, uani kwa mama mkwe, akaanza kuvuta kwa kucha kabla jua halijafanya lolote. Tinti ilimtoka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua, gundi ikabaki yote kioo kizima. Akaenda jikoni kuchukua kisu.

Mama mkwe akatoka nyuma yake.

"Mkwe, hicho si kisu changu cha vitunguu?"

"Ndicho, mama."

"Na hilo si beseni langu la kufulia?"

"Ndilo."

"Na wewe si ndiye uliyemwoa binti yangu?"

Sukari akatazama huku na huku. Akiangalia vizuri, hapakuwa na kitu pale uani ambacho hakikuwa cha mama mkwe.

Mama mkwe alimnyang'anya kisu, akaingia kiti cha nyuma na beseni lake, akafunga mlango ili joto lisitoke. "Wewe bandika mifuko huko nje, huku niachie mimi. Na Mkubwa wako mwambie siku nyingine alete mtumishi. Kila siku nakuomba nimsalimie, kila siku yuko mkutanoni."

Alivuta taratibu, kama mtu anayembandua plasta mgonjwa anayemwogopa. Tinti ikatoka shuka zima zima. Mpaka adhuhuri vioo vyote vilikuwa vitupu, vimefunikwa mifuko tu kwa nje ili gundi iliyobaki ilegee. Mama mkwe alikuwa bado ndani akiikwangua dirishani kwake, wakati geti lilipogongwa na kufunguka kwa mkupuo mmoja.

Alikuwa Tajiri wa Saruji. Hakuweza kusubiri jioni, ameulizia gari jeusi mtaa mzima. Akamkuta Sukari na fulana, povu mpaka kwenye viwiko. Kisha akaona gari, vioo vyeusi vinang'aa kwa maji.

"Ameweka mpya," alisema kwa heshima. "Yumo?"

Akisema hayumo, funguo zinaondoka. Sukari alimfikiria mkewe na kitasa chake.

"Yumo. Ila ana mafua."

Ndani ya gari kikatoka kikohozi kirefu cha mtu aliyemeza sabuni. Sukari alikifahamu. Alikuwa analala nacho.

Tajiri akainama dirishani. "Shikamoo, Mkubwa."

"Marahaba," sauti nzito ikajibu.

Tajiri akamwaga yote: soko, saruji, nyumba, neno moja tu la Mkubwa. Sukari hakumsikiliza. Alikuwa anaangalia plastiki. Jua lilishakausha maji, na kona ya juu ilikuwa inafunguka. Akaibana kwa kidole gumba. Kona ya pili ikafunguka.

"Mbona unapapasa kioo cha Mkubwa?"

"Namfutia jasho," alisema Sukari, na huo ndio ulikuwa werevu wote uliobaki kichwani mwake.

Mfuko ukaporomoka wote, ukatua juu ya viatu vya Tajiri. Kioo kilikuwa safi kuliko siku kilipotoka kiwandani. Nyuma yake alikaa mama mtu mzima, kilemba kimelowa, vipande vya zambarau mabegani, kisu cha vitunguu mkononi.

Sukari alijiona mwenyewe kwenye kioo kile, mdomo wazi, povu linadondoka. Akajiambia: huyu ndiye mjanja wa mji, mtazameni.

Tajiri alitazama kisu, akatazama uso, akarudi nyuma hatua moja na kuinamisha kichwa.

"Nisamehe, mama. Nilizoea kudhani Mkubwa ni mwanamume."

Mama mkwe alimtazama yeye, kisha akamtazama Sukari kwa muda mrefu. Ilionekana wazi kwamba mikutano yote ya Mkubwa ilikuwa inapita kichwani mwake, mmoja mmoja. Akafungua mlango.

"Hiyo nyumba ina maji?"

"Ya bomba, mama."

"Nimesikia," alisema, akanyoosha mkono.

Tajiri aliondoka kinyumenyume kwa furaha mpaka akagonga geti.

"Mama," Sukari alisema, "yule atasubiri lile soko."

"Kwani nimemwahidi nini? Nimemwambia nimesikia. Masikio yangu mazima."

Sukari akakinga kiganja apewe funguo. Mama mkwe akazifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili.

"Mama, mwenzangu anataka mlango wake."

"Ataupata. Chumba cha kwanza changu, cha pili chake."

"Na cha tatu?"

"Cha wageni. Mkubwa hakosi wageni."

"Na mimi?"

"Dereva hulala kwenye gari."

Alijaribu kucheka, akaona anacheka peke yake. Akaokota ile tinti mpya, bado imeviringwa kwenye karatasi yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba basi angalau aibandike, watu wasimwone amelala.

"Weka chini," alisema mama mkwe. "Nataka nikichungulia dirishani nikuone upo."